Bia, shamba na sahani: Chimay inafundisha nini mashariki ya Kongo?

Mwezi wa pili mwaka 2025, muji wa Bukavu ulipoanguka katika mikono ya waasi, maghala ya Bralima yaliporwa. Watu walionekana barabarani wakibeba kazie kichwani, wengine na chupa mikononi. Kiwanda kikasimama. Tarehe 13 mwezi wa sita mwaka huo, kampuni ya Heineken, iliyokuwa ikisimamia Bralima tangu miaka ya 1980, ilitangaza kwamba watu wenye silaha wamechukua usimamizi wa vituo vyake vya Bukavu na Goma, na kwamba imeondoa wafanyakazi wake wote waliobaki kule.

Wengi waliongelea kwanza bei ya Primus. Lakini hasara haikuishia mu nganda. Kuna madereva na wachukuzi waliopoteza safari. Kuna mama waliokaanga brosheti na ndizi mbele ya baa ambazo jioni hazijai tena. Kuna pia wafugaji wa nguruwe na ng'ombe kandokando ya Bukavu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakichukua machicha ya kiwanda, ile wanaita dreshi, kwa kulisha wanyama. Mashine zilipozimika, chakula cha mifugo nacho kilikatika.

Wakati huo wote, kasiksi haikusimama. Mu vijiji vya Kabare, Walungu, Kalehe, Masisi na Lubero, ndizi ziliendelea kuivishwa, kukamuliwa na kuchanganywa na mtama uliokaangwa. Juu gani kiwanda kikubwa kikae kimya, na kinywaji cha kijiji kiendelee? Jibu ni fupi: ndizi na mtama vinatoka mu shamba la jirani. Kimea cha shayiri, ile nafaka inayoitwa orge kwa Kifaransa, pamoja na maua ya houblon yanayoipa bia uchungu, vinatoka ng'ambo ya bahari, vinashuka kwenye bandari, vinapanda malori, vinapita mipaka. Barabara ikifungwa au mpaka ukifungwa, tanki inabaki tupu, hata kama hakuna aliyeigusa.

Ndiyo maana kuna maana ya kutazama aina nyingine ya kiwanda cha bia: kile kilichozaliwa ndani ya shamba, chenye ng'ombe pembeni na meza ya chakula mlangoni. Kiko Ubelgiji, na kina ndugu mu Masisi.

Kule Chimay, kila kitu kilianza na udongo mubaya

Abasia ya Scourmont iko karibu na muji mudogo wa Chimay, kusini mwa Ubelgiji, mu jimbo la Hainaut, hatua chache na mpaka wa Ufaransa. Mwaka 1850, wamonaki 17 wa shirika la Watrapisti walitoka kwenye abasia ya Westvleteren wakaja kukaa pale. Mwana wa mfalme wa Chimay ndiye aliwapa eneo. Haikuwa zawadi tamu: udongo ulikuwa wa mawe na wa majimaji, pahali ambapo mukulima mwenye kuchagua asingeenda.

Kanuni ya Watrapisti inasema mumonaki aishi kwa kazi ya mikono yake. Basi walilima, wakafuga, na mwaka 1862 wakaanza kupika bia. Miaka 14 baadaye, 1876, wakaanza kutengeneza jibini, ile fromaji. Mwaka 1948, mumonaki mumoja, Padri Théodore, alifaulu kutenga chachu ambayo mpaka leo inatumika kwa bia zote za Chimay.

Leo mugeni akifika kule, hataingia ndani ya kiwanda. Wamonaki wanalinda ukimya wao, kwa hiyo mitambo inabaki nyuma ya ukuta. Anaweza kuingia kanisani, bustanini na kwenye makaburi. Kisha anatembea kidogo mpaka Auberge de Poteaupré, nyumba ya wageni na restora ya abasia. Pale kuna maonyesho yanayoeleza jinsi bia na fromaji vinavyotengenezwa, kuna duka, na kuna meza. Sahani inakuja na fromaji ya pale, moja ikiwa imesuguliwa na bia wakati wa kuiva. Glasi inakuja na bia ya pale. Moja kati ya hizo bia, Chimay Dorée, yenye nguvu ya asilimia 4.8, kwa muda murefu haikuuzishwa mbali: ilikuwa ya wamonaki wenyewe na ya ile restora.

Kwa kweli, Chimay si kiwanda kidogo tena. Chupa zake zinajazwa katika kijiji cha Baileux na kuuzishwa mpaka Marekani na Japani. Maziwa ya fromaji yanatoka kwa wafugaji wengi wa eneo. Lakini mupango wa mwanzo bado unaonekana, na ndio unaofaa kutazamwa.

Muzunguko ambao hautupi kitu

Bia inahitaji vitu vinne: nafaka, maji, kiungo cha uchungu, na chachu. Nafaka inaloweshwa mpaka iote, kisha inakaushwa kwa moto. Hapo inaitwa kimea. Inasagwa kidogo, inawekwa ndani ya maji ya moto ya nyuzi kama 65, na kwa muda wa saa moja hivi wanga unageuka sukari. Maji ya sukari yanachujwa, yanachemshwa na houblon, yanapozwa, chachu inawekwa. Siku zinapita, sukari inageuka kileo.

Kinachobaki kwenye chujio ndicho machicha. Mara nyingi, litre 100 za bia zinahitaji karibu kilo 20 za kimea, na machicha yenye maji yanarudi karibu uzito ule ule. Ni chakula kizuri cha ng'ombe, chenye protini, lakini kinaharibika baada ya siku mbili tatu. Kiwanda kisichokuwa na wafugaji karibu kinalazimika kulipa watu wayatupe. Chenye wafugaji karibu kinapata maziwa, na samadi ya kurudisha shambani.

Sasa tuchukue hesabu ya kiwanda kidogo sana, cha litre 1,000 kwa juma. Kinahitaji nafaka kilo 200 kila juma, yaani karibu tani 10 kwa mwaka. Kama hekta moja inatoa tani moja, zinahitajika hekta 10. Kwa familia zenye nusu hekta, hizo ni familia 20 zenye soko la uhakika. Machicha ya kila juma, kilo 200, yanatosha kuongezea ng'ombe watatu chakula cha kilo karibu 10 kila siku. Si utajiri. Lakini ng'ombe watatu wa maziwa wanaweza kuweka fromaji kwenye meza ya restora moja ndogo.

Na restora ndiyo yenye kushika mambo yasianguke. Bia inayouzishwa kwa depo inaacha faida ndogo: kuna chupa, kazie, mafuta ya gari, kodi, faida ya mwenye depo, faida ya mwenye baa. Bia inayonywewa pale pale ilipopikwa haihitaji chupa wala gari. Mugeni anakula mbuzi, anakula sambaza, anabeba fromaji nyumbani. Pesa yote inaingia kwenye kasha moja, na kasha lile linalipa mukulima wa jirani.

Bia peke yake, bila huo muzunguko, si dawa. Watrapisti wenyewe wameona. Abasia ya Spencer kule Marekani ilianza kupika bia mu miaka ya 2010; mwaka 2022 ikafunga kiwanda, juu hesabu zilikataa. Kule Achel, Ubelgiji, wamonaki wa mwisho walipoondoka, bia ilipoteza alama ya Kitrapisti mwaka 2021. Jina kubwa na mitambo mizuri havikutosha.

Faida inaenda wapi?

Kuna jambo la pili, na pengine ndilo zito zaidi. Ili bia iitwe ya Kitrapisti, chama cha kimataifa cha Watrapisti kilichoundwa mwaka 1997 kinaomba mambo matatu: ipikwe ndani ya abasia au karibu yake, wamonaki waisimamie, na faida iende kwa maisha ya jumuia na kwa kusaidia watu, si kwa kutajirisha wenye hisa.

Chimay ilienda mbali zaidi. Mwaka 1996 iliundwa fondasio, Chimay-Wartoise, inayopokea sehemu kubwa ya faida na kuirudisha katika eneo lile, ambalo ni la mashambani na lisilo na viwanda vingi. Kwa maneno mengine, mwanakijiji asiyekunywa hata tone anaweza kupata kitu kutoka kwa ile bia.

Hapa mashariki ya Kongo, swali hilo linauma. Bralima ilizaliwa Kinshasa mwaka 1923, wakati wa ukoloni, na kwa karne nzima imelipa mishahara na kodi. Hilo si dogo. Lakini siku wenye mali walipoona hawawezi kuendelea, uamuzi ulitoka mbali. Mufugaji aliyezoea dreshi hakuwa na kiti kwenye ile meza, wala mama wa brosheti.

Ndugu wa Chimay mu Masisi

Si wengi wanaojua kwamba abasia ile ile ya Scourmont ndiyo ilianzisha monasteri ya Mokoto, mu teritware ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 1954. Wamonaki walifika kwenye milima yenye majani mabichi na maziwa madogo, na ile kanuni ya kuishi kwa kazi ya mikono. Mokoto haikuwa kiwanda cha bia. Lakini lile wazo la kwanza lilikuwa lile lile: sala, kazi, na kukaa na watu wa eneo.

Mwezi wa tano mwaka 1996, wakati wa vita vya kikabila mu Masisi, mamia ya watu waliokimbilia kwenye monasteri wakitafuta usalama walishambuliwa na kuuawa. Wamonaki walikimbia. Kazi ya miaka 40 ikasimama kwa siku chache.

Hapo ndipo tofauti kati ya nyumba mama na binti inaonekana wazi. Udongo wa Masisi ni muzuri kuliko ule wa Scourmont. Ng'ombe wa Masisi na fromaji yao vinajulikana mpaka Kinshasa. Kilichokosekana hakikuwa ujuzi, wala mvua, wala mikono. Kilichokosekana ni amani ya muda murefu. Ng'ombe anahitaji miaka mitatu hivi kabla ya kutoa maziwa ya kwanza. Hakuna anayepanda kitu cha miaka mitatu mahali ambapo hajui kama atalala pale kesho kutwa.

Kile ambacho tayari kipo

Pamoja na hayo, mtu akihesabu vipande vya ule muzunguko, anakuta karibu vyote viko hapa.

Nafaka iko. Shayiri ni ngumu kupata, lakini mtama unaota Kivu, na mama wapika kasiksi wanajua kuukaanga na kuusaga tangu zamani. Mtama unaweza kugeuzwa kimea. Muchele wa uwanda wa Ruzizi na mahindi navyo vinaweza kuongeza sukari ndani ya bia. Houblon itabaki ya kununua mbali, lakini ni kitu chepesi: gramu mia chache zinatosha litre 100, si lori nzima.

Ndizi ziko, ila zinahitaji ulinzi. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulionekana Masisi, kisha ukaenea. Migomba ya kutengeneza kasiksi ndiyo iliumia sana, juu wadudu wanabeba ugonjwa kwenye ua la dume. Dawa yake si ya kununua: kuvunja lile ua mapema kwa kijiti chenye pembe mbili, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kwenda mugomba mwingine, na kukata mashina yaliyogonjwa. Kiwanda chenye kuwa na wakulima wake karibu kina sababu ya kusimamia hayo, juu ugonjwa ukiingia, tanki yake nayo inakauka.

Umeme uko mahali fulani. Kituo cha Matebe mu Rutshuru, kilichofunguliwa mwishoni mwa 2015 na chenye zaidi ya megawati 13, kimeonyesha kwamba mito ya Virunga inaweza kuendesha mashine. Kule Mutwanga, mu teritware ya Beni, kakao ya wakulima inageuzwa shokola pale pale badala ya kutoka ikiwa mbegu tu. Huo ndio mwendo ule ule: kuongeza thamani kabla ya barabara.

Na jiko liko. Hakuna anayehitaji kufundisha mama wa Goma, Bukavu, Uvira wala Butembo kupika samaki, sombe, ndizi na mbuzi hadi mugeni aombe sahani ya pili.

Kile ambacho bado kinazuia

Cha kwanza ni usalama, na hakuna hesabu inayoweza kukipita.

Cha pili ni maji safi. Litre moja ya bia inakula litre tano hadi saba za maji, na kiwanda kidogo mara nyingi kinapita hapo, juu ya kuosha vyombo. Litre 1,000 za bia kwa juma ni litre 5,000 za maji au zaidi. Mu kata ambako watoto wanapanga bidon tangu alfajiri, kiwanda kisichochimba chanzo chake kitaleta ugomvi kabla ya kuleta kazi.

Cha tatu ni kodi na vizuizi. Kinywaji chenye kileo kinalipa ushuru wa pekee, ile accise, kwa DGDA, na ubora wake unaangaliwa na OCC. Hiyo ni haki ya taifa. Shida inakuja pale mukubwa na mudogo wanapobanwa kwa kamba moja, na pale kila kizuizi barabarani kinapoomba chake. Na mahali penye tawala mbili, mufanyabiashara anaweza kulipishwa mara mbili kwa mzigo mumoja.

Cha nne ni kasiksi yenyewe. Inaharibika ndani ya siku chache, ndiyo maana haifiki mbali. Chombo safi, maji yaliyochemshwa na chupa iliyooshwa vizuri vingeirefusha maisha bila kuibadilisha jina. Lakini kuna hatari pia: siku kasiksi itakapoingia ndani ya tanki ya chuma, mama aliyeibeba kwenye bidon kwa miaka 20 anaweza kubaki nje ya mlango. Kama hana sehemu ndani ya koperative, kiwanda kidogo kitamufanyia kile kiwanda kikubwa kiliwafanyia wafugaji wa dreshi.

Na cha tano, ambacho mara nyingi kinasahaulika: kileo si muchezo. Familia nyingi zinajua mushahara unaoishia mu nganda, na lutuku imeharibu vijana wengi. Mahali pa kula na kunywa bia nyepesi pamoja na familia si sawa na duka la kuuzisha kileo kikali asubuhi. Anayefungua cha kwanza asikuje kufungua cha pili kwa mlango wa nyuma.

Kuanzia wapi?

Waliofaulu Chimay hawakuanza na kiwanda. Kati ya kufika kwao na bia ya kwanza ilipita miaka 12 ya kulima. Bia ilikuja baada ya shamba, fromaji ikaja baada ya bia, na restora ikaja nyuma ya yote.

Mashariki ya Kongo, njia rahisi inaweza kuwa ya kinyume: kuanza na jiko lililo tayari, linalonunua kwa mukulima mumoja anayejulikana. Kisha ng'ombe wawili watatu. Kisha kasiksi safi, ndani ya chombo safi, kwa kibali. Tanki kubwa la bia liwe la mwisho, siku barabara itakuwa barabara tena. Kitu kama hicho, vita vikipita, kinaweza kuporwa kama kingine. Lakini mbegu, ujuzi na jirani anayeuza mtama havibebwi kwa kazie. Vikibaki, kazi inaweza kuanza tena bila kungoja ruhusa kutoka Amsterdam.